Walisema Ni Mbio

Kama unasoma hapa umelala ubavu kwa sababu mgongo haukuruhusu kulala chali, na mtu amesimama mlangoni anakwambia umejitakia mwenyewe, basi nakuandikia wewe. Yeye mwache asimame hapohapo.

Mimi ni mtu wa kucheka. Ukiuliza pale Kitaji, Musoma, ambako nashona sare za shule kibarazani, watakuambia Mama Pendo hanunagi. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo usitegemee nikueleze vijidudu vinaingiaje kwenye damu. Mimi najua mabenchi. Najua la mbao lenye msumari uliochomoza, najua la saruji linalopandisha baridi mpaka kiunoni, najua lile la chuma ambalo mwenzako akiinuka upande wa pili wewe unaanguka. Na najua hasira. Ugonjwa umeisha, namshukuru Mungu. Hasira bado ipo, nimeona heri niipe kazi kuliko kuikalia.

Nilianza kukimbia Ezra, mwanangu wa pili, alipoweza kukaa mwenyewe. Mwili ulikuwa umechoka na uzazi, kichwa kimechoka na cherehani, na shuleni nilikuwaga mkimbiaji. Nikasema ngoja nijaribu hata mpaka kwenye kona. Kona ikazaa kona. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa natoka Kitaji mpaka Makoko kandokando ya ziwa, naenda na kurudi, na kichwani nimeshashinda zile mbio za kilomita kumi za Bunda, nimehojiwa redioni, nimewasalimia na watu wote wa Murangi nilikozaliwa. Ndoto hazina kiingilio.

Ukiwa na watoto wawili wadogo, mbio unazipanga kama nguo kwenye kamba fupi. Mume wangu Magesa anachomelea mageti. Alfajiri alikuwa anabaki na watoto, mimi natoka, na lazima niwe nimerudi kabla Ezra hajaamka kudai kunyonya, maana baba yake hana cha kumpa. Siku ambayo Magesa ana kazi ya mbali, nawachukua wote wawili mpaka uwanja wa shule, natandika kanga, nawaachia maandazi, nazunguka uwanja huku nawaona. Pendo alikuwa na miaka minne, na ndiye alikuwa msimamizi wangu. Kila nikipita anaweka jiwe moja pembeni.

"Pendo, yamefika mangapi?"

"Mama, moja Ezra ameliweka mdomoni."

"Litoe basi!"

"Nikilitoa, nalihesabu au silihesabu?"

Ilikuwa furaha. Nataka ulijue hilo kabla hatujafika kwenye mabaya, kwa sababu baadaye kila mtu aliisema ile furaha kana kwamba yenyewe ndiyo ilikuwa sumu.

Krismasi tulikwenda Butiama kwa mama mkwe wangu. Namwita Mama tu. Ni mjane, mfugaji, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Nilijua atanisema kwa habari ya mbio. Akanishangaza.

"Wewe ndiye unakimbiaga huko mjini?"

"Ndiyo, Mama."

"Na bukta?"

"Na traksuti, Mama."

Akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu kama anayenunua ndama. "Zamani msichana mwenye mbio ndiye alikuwa anatumwa kugeuza ng'ombe wakiingia shamba la mtu. Dada yangu alikuwa hivyo. Mimi nilikuwaga mzito. Kimbia. Lakini utakimbiaje na wembamba huo bila maziwa?"

Akanigawia maziwa ya Sikukuu. Sikukuu ni ng'ombe wake kipenzi. Mimba ya kwanza alikuwa ameitupa, ya pili ndiyo akazaa, kwa hiyo maziwa yake yalipokelewa pale nyumbani kama mgeni aliyesubiriwa sana. Na kwa kina Magesa, maziwa ya ng'ombe aliyezaa kwa mara ya kwanza hayapandi motoni mpaka ndama aote pembe. Ukiyachemsha, chuchu za ng'ombe zinapasuka, na nguvu yote inaondoka na mvuke. Yananywewa vilevile, kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Jamani, yalikuwa matamu. Bado naweza kuyasikia kwenye ulimi nikiandika hapa, na bado yananitia hasira.

"Haya ni ya mkimbiaji," Mama alimwambia Magesa. "Watoto mnunulieni ya chai hukohuko mjini."

Basi kila wiki kidumu kikawa kinakuja Musoma na gari la asubuhi. Mama ananywa yake kule Butiama, mimi nanywa yangu huku, nimesimama mlangoni na jasho la mbio bado linanitiririka. Nilikuwa najiona mtu. Mkwe gani mwingine ananyweshwa kwa ajili ya mbio?

Mvua za masika zilipoanza, mwili ukanigeuka. Homa ilikuwa inakuja jioni, inakaa kama mwenye nyumba, asubuhi imeondoka na kuacha shuka limelowa kama limefuliwa. Kiuno kikaanza. Halafu magoti. Halafu mgongo wote chini, maumivu ya kutafuna taratibu kama mchwa. Kwenye zahanati ya kwanza wakasema malaria. Nikameza dawa. Kwenye ya pili wakasema taifodi. Nikameza. Kwenye duka la dawa wakasema vyote viwili vimerudi pamoja. Nikameza tena, na homa ikanicheka.

Sasa sikiliza jambo lililonichoma. Kila nilipokaa mbele ya mtu mwenye kalamu, nilikuwa naulizwa unafanya shughuli gani. Na mimi, mjinga wa furaha, nilikuwa najibu kwa kujivuna: "Nashona, na nakimbia. Najiandaa na mbio za Bunda." Palepale kalamu inasimama. Uso unabadilika. Muuguzi mmoja mama mtu mzima aliiweka kabisa kalamu mezani.

"Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Mdogo ananyonya?"

"Ananyonya."

"Na unakimbia." Akageuka kumwangalia mwenzake. "Halafu anashangaa mgongo unauma. Nenda kapumzike, dada. Mwili wa mwanamke sio pikipiki."

Wakacheka. Na mimi nilicheka nao, unajua? Nilicheka kwa adabu, nikachukua Panadol zangu, nikatoka nimeshika ukuta. Hicho kicheko changu ndicho siwezi kukisamehe mpaka leo. Sikujilaumu kwa kukimbia, najilaumu kwa kuwasaidia kunicheka.

Mtaani ikawa vilevile. Upepo wa ziwa wa alfajiri umemwingia kwenye mifupa. Kizazi kimelegea. Ameshindana na wanaume. Kanisani mama mmoja aliniombea kwa sauti ili roho ya mbio initoke, na watu wakaitikia amina. Kila mtu alikuwa na hoja ileile: nyumba nzima mnakula chungu kimoja, mnalala chini ya bati moja, watoto wazima, baba mzima, anayeumwa ni yule anayekimbia. Sasa utasema ni nini kama sio mbio?

Na mimi mwenyewe nikaanza kuamini. Nikaacha kukimbia. Homa haikuacha.

Mwili ukaisha. Traksuti niliyokuwa naivuta kupita makalio kwa shida ikawa inashuka yenyewe. Pendo akanishika bega siku moja akasema, "Mama, mifupa yako imetoka kutembea?" Nilishindwa kumbeba Ezra. Alikuwa ananinyooshea mikono, mimi namwambia njoo hapa chini baba, tukae chini. Anakuja, ananyonya nimelala ubavu, machozi yananitoka yanaingia sikioni.

Aliyenibeba ni jirani yangu Mama Bwire, anayeuza samaki. Huyu hakuniuliza swali hata moja. Asubuhi anakuja, anavuta shuka lililolowa, anaondoka nalo kwenda kufua, analeta supu ya sato yenye pilipili. Na mdomo wake haujawahi kulala.

"Unatoa jasho ndoo nzima na umelala kitandani," alikuwa ananizodoa. "Wewe kweli mkimbiaji. Wenzako mpaka watoke nje."

Hiyo ilikuwa mara pekee neno mbio lilipotajwa pale ndani bila kunipiga kofi.

Masika yalipokuwa yanaisha, Mama alituma neno kutoka Butiama. Maziwa ataendelea kuleta, nirudishe nguvu, ila mbio sasa basi. Magesa alikwenda kumsalimia, na aliporudi nikaona raba zangu hazipo chini ya kitanda.

"Baba Pendo, raba ziko wapi?"

Alikuwa ananawa mikono. Alinawa muda mrefu. "Nimempelekea Mama azitunze."

"Azitunze? Zinaumwa?"

"Usianze. Watoto wako wanataka mama, hawataki raba."

"Na mimi nataka nini? Kuna mtu ameniuliza?"

"Kila ukiziona unatamani. Utakufa, Nyangeta." Aliniita jina langu, na huwa haniitagi jina. Alikuwa na hofu, najua, mtu mzima na mikono yake ya moto, alikuwa anaogopa kubaki na watoto wadogo. Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote kwa pamoja. Ukiumwa utajua kwamba hivyo viwili vinakaa chumba kimoja bila kugombana.

Nilimwambia, "Raba zangu zitarudi hapo chini ya kitanda." Kuanzia siku hiyo nilijua ninachokitaka. Kupona peke yake hakukunitosha. Nilitaka kupona na raba zangu.

Kiangazi kikaja, mtama ukaanza kuvunwa, na mbio za Bunda zikafika bila mimi. Nikasema nitakwenda hata kuangalia. Magesa akakataa, halafu akaona uso wangu, akanisindikiza. Watoto tukamwachia Mama Bwire. Tulisimama kando ya barabara. Wakapita wale wa mbele, halafu wa katikati, halafu wale wa nyuma ambao ndio ninaowapenda, wale wazito wanaohema na kuwapungia watoto wao. Mama mmoja alipita anakimbia na mtoto wake mkubwa pembeni, wanacheka. Nikapiga makofi. Katika kupiga makofi mgongo ukakamata, kama mtu ameuzungusha kwa spana, nikaenda chini.

Walinipeleka kwenye hospitali iliyokuwa karibu. Benchi lilikuwa la saruji. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi, akavuta karatasi.

"Unafanya shughuli gani, mama?"

"Nashona nguo."

"Na nini kingine?"

Nilifungua mdomo. Nikaiona ile kalamu mkononi kwake. Nikawaona wote waliotangulia, kalamu zao zimelala mezani. Magesa alikuwa pembeni ananiangalia.

"Hakuna kingine," nikasema.

Na kalamu haikusimama! Iliendelea. Homa inakuja saa ngapi, jasho likoje, maumivu yalianzia wapi. Halafu akauliza kitu ambacho tangu masika mpaka kiangazi hakuna binadamu aliyeniuliza.

"Kwenu mna mifugo?"

"Mama mkwe anayo. Butiama."

"Maziwa yake mnakunywa?"

"Ya chai tunanunua, tunachemsha."

"Na yasiyo ya chai?"

Nikamwangalia Magesa. Magesa akaangalia miguu yake.

Damu ikachukuliwa, tukarudi kwenye benchi, tukaitwa. Ni ugonjwa wa ng'ombe, ule unaowafanya watupe mimba, wao wanauita brusela. Unaingia na maziwa mabichi. Una dawa. Sindano kwanza, na vidonge wiki sita. Daktari alivyokuwa anaandika, nikaona nimwambie ukweli.

"Daktari, mimi nakimbiaga."

Akacheka, kicheko kizuri tu, hakikuwa na ubaya. "Ungeniambia mwanzo, labda ningekuambia ukapumzike."

Yeye alicheka. Mimi safari hii sikucheka. Nilimwangalia mpaka akaacha. Kwa hiyo ilibidi niifiche ile sehemu yangu iliyo nzima kuliko zote ndipo sehemu inayoumwa ionekane. Nilitamani kulibeba lile benchi la saruji nilitupe barabarani.

Nje, kabla hatujapanda gari, Magesa akanishika mkono. "Mama tusimwambie kwamba ni maziwa. Utamuumiza."

"Na raba zangu?"

"Nyangeta, pole pole basi."

Nilimpigia simu Mama palepale stendi.

"Maziwa yangu?" Mama akasema. "Maziwa yaliyomlea Magesa na ndugu zake? Umekimbia mpaka ukaugua, sasa unamtafutia kosa ng'ombe." Akakata.

Dawa nayo ni safari nyingine. Daktari alisema nimwachishe Ezra kunyonya kwa sababu ya dawa zile, siku ileile, bila maandalizi. Watoto walipimwa, wakawa wazima, kwa hilo sina neno zaidi ya asante. Lakini kumwachisha mtoto hivyo! Maziwa yamejaa kifuani, yanauma, yanalowesha gauni, mtoto analia anavuta nguo, mimi nimempa mgongo huo huo unaouma. Mama Bwire alinifunga kifua kwa kanga, akambeba Ezra kwenda naye kwenye samaki, akamrudisha ananuka dagaa na amelala.

Sindano nilichomwa palepale Musoma, kwa yule muuguzi aliyesema mwili sio pikipiki. Akasoma karatasi. "Kumbe haikuwa mbio," akasema, akavuta dawa kwenye bomba. Ndiyo hiyo tu. Nilisubiri neno lingine, halikuja. Ikaja pamba.

Vidonge vilikuwa vinanichafua tumbo. Ukivimeza usilale, kaa wima, kula kwanza, hata ugali wa jana. Wale wadudu wadogo wa ziwani walipokuja na wingu lao wakajaa madirishani, nilikuwa bado namung'unya ndimu ili nisitapike. Walipoondoka, nikaamka asubuhi moja nikapapasa shuka. Kavu. Mama Bwire alipoingia kulivuta nikamwambia liguse. Akaligusa, akasimama nalo mkononi.

"Leo hakuna kufua?" akasema. "Umeniachisha kazi bila taarifa?" Halafu akakaa kitandani akalia, yeye ambaye hakuwahi kulia.

Nilipomaliza vidonge na kipimo kikawa kizuri, na daktari akasema naweza kuanza kutembea, halafu kukimbia kidogokidogo, nilimwambia Magesa tunakwenda Butiama. Hakubisha. Tangu Bunda alikuwa ananiangalia kama mtu aliyepiga msumari mahali pasipo pake.

Tulimkuta Mama amekaa kwenye kigoda, anapepeta mtama. Nikapiga goti, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umenenepa."

"Nimepona. Nimefuata raba zangu, Mama."

Ungo ukasimama. "Zipo. Zikae."

"Mama, haikuwa mbio."

"Kabla hujaanza kukimbia, uliumwa?"

"Kabla sijaanza kukimbia nilikuwa sinywi maziwa yenu!" Sauti ilipanda, Pendo akageuka kunitazama. "Niliacha mbio, nikabaki na maziwa, na homa ikabaki. Mlininyang'anya kilichokuwa kinanipa uzima, mkaniletea kwa kidumu kilichokuwa kinaniua, na mkaniombea na kanisani!"

"Magesa," Mama akasema taratibu, "mkeo ananikaripia nyumbani kwangu."

Nikasubiri. Hapo ndipo ningejua kama nina mume. Magesa alikuwa amembeba Ezra.

"Mama," akasema, "mpe raba zake."

Mama akaweka ungo chini, akainuka. Na hapo nikaona. Mkono mmoja kwenye goti. Wa pili kwenye ukuta. Pumzi kwanza, halafu kiuno, halafu mtu mzima. Ndivyo nilivyokuwa nainuka mimi tangu masika. Hasira ilinipanda tena, lakini ikakosa pa kukaa.

"Mama, mgongo ulianza lini?"

"Huu ni mgongo wa jembe."

"Na lile jasho la usiku?"

Akanigeukia.

"Nani amekuambia habari ya jasho?" akauliza.

Tulikwenda naye Bunda wiki hiyohiyo, kwa daktari yuleyule, kwenye benchi lilelile. Alikaa ameshika kipochi chake cha kanisani kwa mikono miwili. Daktari alimuuliza maswali, Mama akaeleza kwamba yule Sikukuu alipotupa mimba ndama alikwama, na yeye ndiye aliyemtoa, mikono mitupu, kwa sababu nani mwingine angemtoa. Majibu yalipotoka, daktari akamwambia ni ugonjwa uleule wa mkwe wake.

Mama akasema, kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyeonewa:

"Lakini daktari, mimi sijawahi kukimbia."

Magesa alitoka nje. Nilijua anacheka au analia, sikumfuata. Nilibaki na Mama, nikamshika ule mkono mkubwa. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa miezi, siku ya kuwaonyesha, na ilipofika ilikuwa imekaa pembeni yangu na mgongo unaouma.

Sasa wewe uliyelala ubavu. Sikuambii usikasirike. Watakuambia hasira inarudisha homa, uongo, nimeijaribu. Wakikuambia umejitakia, waulize wamekuuliza unakunywa nini, unakula nini, unalala wapi, nani mwingine anaumwa kama wewe. Na kama kuna kitu kinakufurahisha ambacho wao hawakipendi, jua kwamba hicho ndicho kitakachoshtakiwa kwanza. Usikubali kukifunga jela kabla ya kipimo. Na maziwa chemsha. Chemsha hata kama anayekuletea anakupenda. Hasa kama anakupenda, maana hapo ndipo utaona aibu kuyachemsha.

Mama alianza dawa zake, nasi tukabaki Butiama kumwangalia siku za sindano. Mtaalamu wa mifugo wa kata alikuja, akawapima ng'ombe, akamtenga Sikukuu. Mama hakutoka ndani siku hiyo. Yakabaki maziwa ya ng'ombe wengine.

Asubuhi iliyofuata niliamka kumekucha, nikamkuta jikoni amebandika sufuria. Anaitazama kama anayemlinda mwizi. Maziwa yakapanda, akayaacha yapande, yakamwagikia moto, yakanuka nyumba nzima.

"Chuchu zao zikipasuka," akasema bila kugeuka, "utanijua."

"Zikipasuka nitakimbia kukuletea mafuta ya kupaka."

Hakucheka. Akanionyesha kwa kidevu nyuma ya mlango. Raba zangu. Panya walikuwa wamekula kamba zake kule ghalani, na yeye alikuwa ameweka kamba za katani, zile anazofungia miguu ya ng'ombe akikamua, amezisokota upya nyembamba zipite kwenye matundu. Nikakaa chini nikavaa. Pendo akaja na macho ya usingizi, akaona miguu yangu, akatoka mbio uani kutafuta mawe.

Mama akamimina kikombe, akanipa. Akamwinua Ezra, mkono mmoja kwenye ukuta, pumzi kwanza, akamweka mgongoni, ule mgongo wake unaouma, akamfunga kanga.

"Kunywa," akasema. "Halafu nenda. Watoto ninao."

Sikusema asante. Bado nilikuwa na hasira, na yeye alijua. Nilikunywa kabla hayajapoa, yakaniunguza ulimi, nikaweka kikombe chini nikakimbia.